Kabla hujagusa kompyuta, nenda kwanza Sanawari

Mdogo wangu uliyepewa kazi ya kuiga makutano ya barabara kwenye kompyuta, najua utakachofanya leo usiku. Utapakua SUMO, programu ya kuiga mwendo wa magari, kwa sababu ni ya bure, utavuta ramani ya Arusha kutoka OpenStreetMap, na kabla ya saa sita utakuwa na vigari vya manjano vinatembea. Mimi nilifanya hivyohivyo. Vya kwangu vilikuwa vinapita upande wa kulia, kama huko Ujerumani programu ilikotoka, na nilikaa navyo siku mbili bila kushtuka.

Hilo la kushoto na kulia litakufuata hadi vitabuni. Mwongozo wa Marekani wa uwezo wa barabara unasema dereva anayekunja kushoto kutoka barabara kuu, pasipo na taa, anahitaji upenyo, yaani mwanya kati ya gari na gari katika wanaokuja, wa sekunde 4.1 hivi. Kwao kushoto ndiko unakokatiza mbele ya wanaokuja. Kwetu ni kulia. Geuza kwanza ndipo unakili, na ukishageuza bado usiiamini hiyo 4.1, kwani ilipimwa kwa madereva wao, wala hapakuwa na bodaboda.

Sasa nenda kwenye makutano ya Sanawari saa kumi na moja jioni. Usiangalie msururu wote, utachanganyikiwa. Chagua bajaji moja inayotaka kukunja kulia uifuate kwa macho. Utaona haisubiri upenyo, inautengeneza: inaingiza pua, kifodi, daladala ndogo, kinachokuja kinapunguza mwendo kidogo, pua inaongezeka. Halafu subiri lori. Lori likianza kukunja kulia, ubavu wake wa kushoto unawazuia wanaokuja, na boda watatu wanne wanajificha ubavu wa kulia wavuke nalo kama vifaranga. Tatizo ni kwamba magurudumu ya nyuma ya lori hayapiti yalipopita ya mbele. Yanakata kwa ndani, palepale walipo boda. Kama simulesheni yako haina kundi hilo, ujue hatari yenyewe umeiacha nje.

Na haitakuwa nalo, mpaka uilazimishe. Programu hizi kwa kawaida humwona dereva kama treni: ana mstari wake, na pikipiki moja inamiliki leni nzima. Kwenye SUMO kuna namna ya kuigawa leni vipande vyembamba ili boda wakae bega kwa bega. Iwashe siku ya kwanza. Lakini ndani ya makutano kila chombo bado kinafuata mpinde uliochorwa, yaani njia ya kukunjia, kwa hiyo mimi niliishia kuwachorea bajaji na boda leni yao nyembamba yenye mpinde unaokata mapema. Si suluhisho zuri, nakiri. Kuna pia kipimo cha kukosa subira, kati ya 0 na 1: kadiri dereva anavyosubiri ndivyo anavyokubali kujipenyeza penye nafasi finyu. Wengi hukiacha kilivyokuja. Kwa hapa Arusha huo ni utani.

Huo mpinde niliupata wapi? Kwenye video. Nilifunga simu kwa mpira wa tyubu kwenye reli ya ghorofa ya pili, baada ya kumweleza mlinzi mara tatu kwamba sipigi picha za kuwakamatisha watu. Nyumbani nikabandika nailoni juu ya skrini na kuweka nukta kwa kalamu ya wino, kila nusu sekunde, pale gurudumu la mbele linapogusa lami. Baada ya bajaji ishirini, nukta zikajichora zenyewe. Ila kamera iliyo pembeni inapotosha umbali, kwa hiyo Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, pima kwa futi pointi nne zinazoonekana kwenye video. Bila hizo nne unachora tu. Na andika dakika ambazo trafiki alikuwa anaongoza kwa mkono, maana hapo upenyo anatoa yeye.

Kuhusu kulinganisha hesabu nitasema machache. Watakuambia kipimo cha GEH, kinachoonyesha idadi ya magari ya kompyuta iko mbali kiasi gani na uliyohesabu wewe, kiwe chini ya 5 kwenye asilimia 85 ya sehemu ulizohesabu. Ukihesabu magari 400 kwa saa na kompyuta ikatoa 460, GEH ni kama 2.9, umefaulu. Lakini hiyo ni idadi tu. Magari 460 yanaweza kukunja kwa adabu ambayo Arusha haijawahi kuiona, na kipimo kikakupongeza. Endesha modeli mara kumi kwa mbegu tofauti za bahati nasibu, yaani namba za kuanzia zinazobadilisha nani anatokea lini, kisha weka mipinde yake juu ya nukta zako za nailoni.

Yangu ilifaulu GEH zote. Nikashuka nayo kijiweni nikamwonyesha boda mmoja ninayemfahamu. Akaangalia kwa muda, akaweka kidole kwenye pikipiki iliyotulia nyuma ya lori ikisubiri zamu. “Huyu mgeni,” akasema, akachora kwa kidole kwenye vumbi la tangi lake njia ambayo yeye angepita. Nilipiga picha lile tangi. Usiku ule nikaurudia mpinde wote.