Mkimbiaji Wako Asidaiwe Ushahidi wa Mwili Wake

Nimewafundisha wasichana riadha kwa miaka 11, na kosa ninalolijutia kuliko yote halihusu mbinu wala mazoezi. Baada ya fainali ya mita 800, mzazi wa timu pinzani alinijia akidai kwamba mshindi, msichana wangu mwenye sauti nzito na mabega mapana, akaguliwe kama kweli ni msichana. Badala ya kumkatalia papo hapo, nilimwita binti pembeni nikamwuliza maswali nisiyokuwa na haki ya kuyauliza. Hakuonekana mazoezini kwa majuma matatu.

Madai hayo yana historia ndefu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianza kuwapima wanawake jinsia mwaka 1968, ikasitisha upimaji wa lazima kwa wote mwaka 1999. María José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Hispania, alikutwa mwaka 1985 na kromosomu XY, ambazo kwa kawaida ni za wanaume. Alizuiwa kushindana ingawa mwili wake haukuweza kuitikia testosteroni, homoni ya kiume, na ilimchukua hadi 1988 kurudishiwa haki yake. Caster Semenya, mkimbiaji wa Afrika Kusini, alikuwa na umri wa miaka 18 aliposhinda mita 800 jijini Berlin mwaka 2009, na watu wakaujadili mwili wake kuliko mbio zake.

Tangu Septemba 2025, Shirikisho la Riadha la Dunia linadai kipimo cha jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye kromosomu Y ya wanaume, kwa wanawake wanaoshiriki mashindano yake ya dunia. Uyakubali masharti hayo au uyapinge (mimi nina shaka nayo), utekelezaji wake ni kazi ya madaktari, kwa siri. Hayampi kocha wala mzazi ruhusa ya kumkagua mtoto uwanjani.

Kwa hiyo, ukijiwa na madai kama hayo, jibu wewe: mkimbiaji amesajiliwa kwa mujibu wa kanuni, na mwenye pingamizi aliwasilishe kwa mwamuzi kwa maandishi. Kisha waeleze binti na wazazi wake kilichosemwa, kabla hakijawafikia kama umbea. Komesha neno "jikedume" mazoezini hata linaposemwa kwa utani, pamoja na uvumi unaoliandama kila mara, kwamba msichana mwenye misuli lazima awapende wasichana wenzake. Anampenda nani si swali la kocha.

Nilipokwenda kuomba radhi, mama yake alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba, kwa kuwa timu nzima ilikwisha kusikia, binti angerudi iwapo ningeyarudia maneno yale mbele yao wote. Niliyarudia.