Kabla ya Muhtasari, Soma Hukumu

Mwanafunzi wa sheria akiniomba ushauri juu ya kusoma kesi, mimi humuuliza kwanza: umesoma hukumu yenyewe au muhtasari wake? Wengi husoma muhtasari, nami nawaelewa. Kesi za wiki moja ni nyingi, hukumu moja yaweza kufika makumi ya kurasa, na mtihani unaonekana kutaka kanuni tu. Lakini kanuni bila tukio lililoizaa haitakufikisha mbali, na nitaeleza kwa nini.

Chukua Donoghue dhidi ya Stevenson, kesi ambayo karibu kila anayesoma sheria ya madhara, yaani ya fidia kwa aliyeumizwa na kosa la mwingine, huanza nayo. Muhtasari utakuambia kwamba mtengenezaji wa bidhaa ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho. Sentensi fupi, inakaririka. Sasa fungua hukumu. Ni Agosti 1928, katika mgahawa mmoja huko Paisley, Scotland. May Donoghue ananunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake. Chupa ni ya kioo cheusi. Anakunywa kiasi, kisha rafiki anamimina kilichobaki na, kwa mujibu wa madai yake, yanatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Anaugua.

Hakuna kilichotajwa hapo kwa kujaza ukurasa. Aliyenunua ni rafiki, kwa hiyo Donoghue hakuwa na mkataba na yeyote wa kumdai. Kioo kilikuwa cheusi, kwa hiyo mwenye mgahawa hakuweza kuona kilichomo, na mnywaji vilevile. Chupa ilitoka imezibwa kiwandani kwa Stevenson, mtengenezaji wa kinywaji hicho. Toa jambo moja kati ya hayo, na hoja za mawakili zinabadilika. Hili ndilo zoezi ninalolihimiza kuliko yote: ukimaliza kusoma, funga kitabu, andika tukio kwa maneno yako, kisha ubadilishe jambo moja ujiulize kama uamuzi ungesimama. Kama kioo kingekuwa cheupe? Kama Donoghue angenunua mwenyewe?

Zoezi hilo si mchezo wa darasani, maana mawakili hulifanya mbele ya majaji. Muda mfupi baadaye ikaja kesi ya Grant, daktari wa Australia aliyepata ugonjwa wa ngozi baada ya kuvaa nguo za ndani za sufu zilizobaki na kemikali ya kiwandani. Upande wa kiwanda ukajenga hoja kwamba chupa ya Stevenson ilikuwa imezibwa, ilhali nguo hizi zilifungwa kwa karatasi tu na mtu yeyote angeweza kuzigusa njiani. Rufani ilifika hadi London, na mwaka 1935 majaji wakaikataa tofauti hiyo. Kilichohesabika si kizibo. Bidhaa ilimfikia mtumiaji ikiwa na kasoro ileile iliyotoka nayo kiwandani, na kasoro yenyewe haikuwa ya kuonekana kwa macho. Aliyekariri sentensi ya muhtasari hawezi kuijenga hoja ya kiwanda wala kuijibu. Aliyeijua chupa anaweza yote mawili.

Jambo la pili ni kujua shauri limefika mbele ya majaji kwa njia gani. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupita haraka, na mimi naona ni hasara kubwa. Katika Donoghue, hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba konokono alikuwemo ndani ya chupa. Swali lilikuwa la sheria tupu: tukichukulia kwamba anayodai mama huyu ni kweli, je, ana haki ya kudai fidia? Mei 1932 majaji watatu walisema ndiyo, wawili wakasema hapana, na baadaye shauri likaisha kwa maelewano bila ushahidi kusikilizwa. Uamuzi juu ya pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayoamuliwa kabla ya ushahidi, hausomwi kama uamuzi uliotolewa baada ya mashahidi kuhojiwa. Rufani nayo ina mipaka yake. Basi tangu ukurasa wa kwanza tafuta nani mrufani, anapinga nini hasa, na anaomba nini.

Ukiwa hapohapo, mtazame mtu. Donoghue aliomba aruhusiwe kukata rufani kama fukara, kwa kuwa asingemudu gharama, na akaruhusiwa. Nililipenda somo la sheria zaidi nilipoanza kuyaona mambo kama hayo, na ninaamini wakili asiyemwona mtu ndani ya kesi atamhudumia mteja wake vibaya.

Kisha, usiruke hukumu ya jaji aliyetofautiana na wenzake. Lord Atkin, yuleyule aliyeandika hukumu maarufu zaidi katika Donoghue, alibaki peke yake kati ya majaji watano katika Liversidge dhidi ya Anderson, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanuni za vita zilimruhusu waziri kumweka mtu kizuizini akiwa na sababu ya msingi ya kumshuku. Wenzake walisema yatosha waziri mwenyewe kuamini kwa nia njema kwamba sababu ipo. Atkin akasema sababu lazima iwepo kweli, na mahakama ina haki ya kuuliza. Mwaka 1979 Lord Diplock alitamka katika kesi nyingine kwamba wakati umefika wa kukiri kuwa wale wanne walikosea. Aliyesoma upande ulioshinda tu hakuuona ubishi wote.

Kuhusu namna ya kuandika maelezo sina mengi: tukio, njia ya shauri, hoja bishaniwa, uamuzi na sababu zake, ukurasa mmoja.

Na muda ukiwa haba, usizigawe saa zako sawasawa kwa orodha nzima. Chagua kesi chache zinazobeba mada, uzisome hukumu zake kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyingine ndizo uzipitie kwa muhtasari. Hata kwa hizo chache, muhtasari usome mwisho, uulinganishe na ukurasa wako. Mkitofautiana, rudi kwenye aya husika ya hukumu uone nani kati yenu amemsoma jaji sawasawa.