Mjane ana kwao: kumtafuta mke wa askari katika kumbukumbu za Ireland

Ukianza kazi ya kutafuta nasaba Ireland, mtu wa kwanza kukujia mkononi mara nyingi ni mwanamume mwenye namba ya jeshi. Ana kikosi, ana tarehe ya kufa, ana kaburi au jina lake limechongwa kwenye ukuta wa ukumbusho. Mkewe ni neno moja tu pembeni: mjane. Wengi hufuata njia iliyo nyeupe, wakaupanda ukoo wa mume mpaka kwa mababu, na mama wa watoto wakamwacha hana baba, hana mama, hana kwao. Nami nilianza hivyo hivyo. Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa ili msipoteze miezi niliyoipoteza.

Nimeoa Limerick, na aliyeniingiza katika kazi hii ni mama mkwe wangu. Alinipa bahasha yenye medali mbili na kipande cha gazeti kilichokwisha kuwa cha manjano. Babu yake mzaa mama alikuwa askari wa Royal Munster Fusiliers, kikosi cha Waairishi katika jeshi la Uingereza, akafa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 25 Aprili 1915, siku wanajeshi waliposhushwa Gallipoli, Uturuki, kutoka meli ya River Clyde na wengi wakapigwa risasi kabla hawajafika nchi kavu. Hayo yalijulikana nyumbani. Kuhusu bibi, alijua kwamba aliitwa Bridget na kwamba alitoka mashambani, basi. Akaniambia, "Babu tunaye. Nitafutie bibi." Jina la ukoo naliweka kando, maana wenyewe wapo hai.

Kosa langu la kwanza ndilo lililonigharimu zaidi. Nilikuta kwenye intaneti mti wa ukoo uliotengenezwa na mtu nisiyemjua, una jina la askari wetu, una Bridget, na huyo Bridget amepewa ukoo wa kwao na kijiji. Nikauamini. Nilimfuata mama huyo miezi minane, nikampata yeye, baba yake na dada zake, mpaka siku nilipokuta rekodi ya kifo chake: alikufa hajaolewa. Mwenye mti alikuwa ameona majina yanafanana, akayafunga pamoja. Rekodi ambayo ingenionyesha ukweli siku ya kwanza ilikuwa bure, na sikuifungua kwa sababu nilidhani jibu ninalo.

Rekodi yenyewe ni ya kuzaliwa kwa mtoto. Kuanzia 1 Januari 1864 vizazi, ndoa na vifo vyote vya Ireland viliandikishwa serikalini. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza mapema, 1845. Kwenye rekodi ya kuzaliwa kuna safu ya mama, nayo hutaja jina lake la ukoo kabla ya kuolewa. Picha za daftari hizo ziko kwenye tovuti ya serikali, irishgenealogy.ie, bila malipo: vizazi vilivyotimiza miaka 100, ndoa zilizotimiza 75, vifo vilivyotimiza 50. Kwa hiyo mjane akikupotea, shika mtoto wake. Binti wa kwanza wa Bridget alizaliwa Limerick mwaka 1910 akaitwa Nora. Nilipofungua ukurasa ule, ukoo wa mama yake ukawa mbele ya macho yangu kwa wino wa karani, na haukuwa ule niliouzungukia miezi minane.

Mtakatishwa tamaa mapema na watu watakaowaambia kwamba kumbukumbu za Ireland zote ziliungua. Si zote. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu pale Four Courts, majengo ya mahakama ya Dublin, lililipuka na kuteketea. Humo zilipotea karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, wasia, na karibu daftari zote za parokia za Kanisa la Ireland, yaani la Kianglikana, zilizokuwa zimewekwa pale. Sensa za 1861 hadi 1891 hazikuungua huko. Serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu. Lakini daftari za parokia za Kikatoliki zilibaki mikononi mwa mapadri, uandikishaji wa serikali ulikuwa mahali pengine, na sensa za 1901 na 1911 zipo kamili, bure, kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa. Kwa mjane wa Vita vya Kwanza hivyo vitatu vinatosha kumrudisha kwao.

Moto mwingine wa kuujua ni wa London. Septemba 1940 bomu liliteketeza ghala la jeshi, na zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa kawaida wa vita ile yalikwenda na moto. La kwetu lilikwenda. Kama la kwenu limenusurika, tafuteni ndani yake fomu ya W.5080, ambayo ndugu wa marehemu walitakiwa kutaja jamaa zake wote: mjane, watoto, wazazi, ndugu wa baba na mama mmoja na wa mzazi mmoja. Ni fomu tamu sana, lakini ni ya ukoo wa mume.

Ukishapata ukoo wa mama, nenda kwenye ndoa, na hapa nawaomba mtulie. Mimi nilitafuta ndoa yao Limerick kwa sababu ndiko Bridget alikofanya kazi ya ndani na ndiko alikozaa. Haikuwepo. Mila ya Ireland ilikuwa binti aolewe parokia ya kwao, hata kama anaishi mjini miaka. Nilipopanua utafutaji mpaka kaunti ya Clare, ng'ambo ya mto Shannon, ndoa ikatokea: wilaya ya Kilrush, 1909.

Usome mstari ule safu kwa safu kama anayesoma hati ya shamba. Umri: palikuwa pameandikwa "full age", maana yake ametimiza miaka 21, hakuna zaidi, usifanye hesabu ya mwaka wa kuzaliwa hapo. Makazi: ya bwana harusi ni mtaa wa Limerick, ya bibi harusi ni jina la kitongoji. Hilo ndilo dhahabu. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine ni mashamba machache tu, na majirani wawili wenye jina moja mara nyingi hutenganishwa na kitongoji peke yake. Halafu baba wa kila mmoja na kazi yake. Wa Bridget alikuwa mkulima. Jina la mama halimo, daftari za wakati ule hazikuliuliza. Chini kabisa mashahidi wawili, na mmoja alikuwa mwanamke mwenye ukoo ule ule wa bibi harusi. Shahidi usimpite. Mara nyingi ni dada au kaka, na ndivyo ilivyokuwa hapa.

Kwa kitongoji kile nikafungua sensa ya 1901. Nyumba iko pale: baba, mkewe Honora, watoto sita, na Bridget wa miaka 15 katikati yao, pamoja na yule dada shahidi. Nilimwita mke wangu aje aone. Honora ni Nora. Kwa desturi ya familia nyingi za Ireland binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa mama, na wa kiume wa kwanza jina la babu mzaa baba. Jina la mama wa bibi tuliyekuwa tukimtafuta lilikuwa limelala ndani ya familia miaka yote, limebebwa na mama yake mama mkwe wangu. Si kila nyumba ilifuata desturi hiyo, kwa hiyo msiitumie kama ushahidi. Itumieni kama kidole kinachoonyesha wapi pa kuchimba.

Sensa ya 1911 ina jambo ambalo ile ya 1901 haina: kila mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi wakiwa hai, na wangapi bado wapo. Kwa Honora paliandikwa tisa, waliopo sita. Basi kazi yangu ikawa kuzitafuta rekodi tisa za kuzaliwa, zenye baba huyo, mama huyo, kitongoji hicho. Nilipofika saba nilitaka kusimama. Mke wangu akanizuia, na ya tisa ikawa ya mtoto aliyeishi siku nne.

Tarehe na umri zisiwaumize vichwa. Mzazi aliyechelewa kuandikisha alitozwa faini, kwa hiyo wengi walisogeza mbele siku ya kuzaliwa, na utakuta mtoto amebatizwa kanisani kabla "hajazaliwa" serikalini. Hapo liamini kanisa. Na mtu aliyekuwa na miaka 58 mwaka 1901 anaweza kuwa na 71 mwaka 1911, kwa sababu Januari 1909 ilianza kulipwa pensheni ya wazee waliotimiza 70. Daftari za Kikatoliki zilizowekwa bure mtandaoni na Maktaba ya Taifa mwaka 2015 huishia kama 1880, na nyingi ni za Kilatini: Brigida ni Bridget, Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Humo ndimo nilimopata ndoa ya wazazi wake.

Bado tulikuwa na swali: baada ya 1915 mjane alikwenda wapi? Hapa ndipo wajane wengi hupotea, na hupotea kwa sababu ya kuolewa tena. Kumbukumbu za makaburi ya vita zikiandika "mume wa fulani" halafu neno "formerly", yaani zamani akijulikana kwa jina jingine, ujue ameolewa. Kadi za pensheni za vita nazo, ambazo zilinusurika, hutaja watoto na kuonyesha mjane alipoolewa upya. Pensheni yake ilikatwa, akapewa kiinua mgongo, na posho ya watoto ikaendelea. Niliposhika kadi ya Bridget nilifikiria wapagazi waliokufa kwetu katika vita ile ile, wale ambao kikosi chao kimeacha jina Kariakoo. Sijawahi kuona kadi ya mjane wa mpagazi hata mmoja, na jambo hilo linaniuma kila ninapofungua faili la Ulaya.

Ndoa yake ya pili ilikuwa Limerick, 1919. Ungemtafuta kwa ukoo wa kwao usingempata, kwa sababu aliolewa kwa jina la marehemu mumewe, hali yake "widow", mjane. Lakini tazama safu ya baba: baba habadiliki. Mkulima yule yule wa Clare, na ukoo wa kuzaliwa wa Bridget umesimama pale.

Kutoka ndoa hiyo walizaliwa watoto wanne, na wajukuu wao wangali Limerick. Hapa sikilizeni kwa makini kuliko pote. Msipige simu. Baada ya Ireland kujitenga na Uingereza mwaka 1922 familia nyingi zilinyamaza kabisa kuhusu ndugu waliovaa sare ya Mwingereza, na unaweza kumwambia mzee wa watu jambo ambalo mama yake alikufa nalo moyoni. Tuliandika barua kwa mkono, mama mkwe ndiye aliyeisaini, tukaeleza sisi ni nani, tukaambatisha nakala ya ndoa ya 1919 peke yake, na tukasema wasipojibu tutaelewa.

Walikaa wiki saba. Kisha ikaja bahasha yenye picha ya mama mzee aliyeketi mbele ya mlango, mikono juu ya aproni. Nilikuwa nimeipita nyumba ya Bridget na askari wake katika sensa ya 1911 mara mbili, kwa kuwa mke wa nyumba ile aliandikwa Delia nami natafuta Bridget. Sikujua bado kwamba Delia, Bedelia na Biddy ni Bridget yule yule. Mama mkwe aliigeuza picha. Nyuma, kwa penseli, palikuwa na neno moja: Delia.