Maswali na Majibu: Daraja la Kyaka, tuta la Lukaya na kuanguka kwa Amin

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu, kwetu ni Missenyi mkoani Kagera. Babu yangu husimulia kwamba mwaka 1978 ndege za Idi Amin zililipiga daraja la Kyaka zikashindwa kulivunja, kisha akaja fundi mmoja na baruti zake akaliangusha. Hilo linawezekanaje kitaalamu? Na JWTZ, jeshi letu la Tanzania, walivushaje vifaru? Halafu, kwenye mjadala darasani mwenzangu alisema nchi mchokozi huangushwa kwa kuvunjiwa miundombinu, akatoa mfano wa Uganda ya Amin. Nilimbishia ila hoja sikuwa nayo. La mwisho: nimekokotoa mzigo wa kifaru cha tani 36 kwenye daraja la Bailey la mita 24. Nimegawa kwa paneli 8, nikapata tani 4.5 kila paneli. Niko sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hesabu yako ya mwisho siyo sahihi, nitaifikia. Babu yako yuko sahihi. Mwenzako wa darasani ameshika mfano mzuri kwa upande usio wake.

Tuanze na ramani, maana bila ramani daraja la Kyaka halieleweki. Mpaka wetu na Uganda kwa upande huo haufuati mto. Wajerumani na Waingereza walipogawana mwaka 1890 walichukua rula wakapiga mstari kwenye latitudo 1 kusini. Mto Kagera unapita kusini ya mstari huo, kwa hiyo kuna ardhi ya Tanzania iliyo ng'ambo ya mto, kwenu Missenyi ikiwemo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia kwenye eneo hilo, yakapora ng'ombe kwa maelfu, yakaua watu, yakaharibu kiwanda cha sukari. Novemba 1 redio ya Kampala ikatangaza kwamba eneo lote, karibu kilomita za mraba 1,840, sasa ni la Uganda na mpaka mpya ni mto. Siku mbili baadaye, Novemba 3, daraja likalipuliwa.

Mtu anayetaka kusonga mbele hulilinda daraja kama mboni ya jicho lake. Anayelivunja amekwisha kuamua kusimama hapo, na anaogopa anayekuja kutoka upande wa pili. Amin alikuwa anachora mpaka kwa baruti. Nyerere alishatoa jibu lake Novemba 2: sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo.

Sasa ndege. Daraja likitazamwa kutoka juu ni kama kamba iliyoanikwa. Rubani anayepita kwa kasi, tena huku anarushiwa risasi, akikosea nusu sekunde tu bomu linaangukia mtoni au kwenye matope ya ukingo. Hata likipata sakafu, sehemu kubwa ya nguvu ya mlipuko hutokomea hewani, kwa sababu juu kuna anga na chini kuna anga. Linatoboka tundu, vyuma vinapinda, lakini mihimili inayobeba mzigo inabaki. Watu wa barabara tunajua, tundu la sakafu unalifunika kwa mbao na bamba la chuma, jioni magari yanapita.

Fundi anayefika kwa miguu hana tatizo la shabaha. Aliyeletwa Kyaka alikuwa mtaalamu wa milipuko kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kupasua miamba. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba daraja halivunjwi kwa wingi wa baruti, linavunjwa kwa kujua limesimamia wapi. Mhimili ukikatika mahali panapobeba, uzito wa daraja lenyewe unamaliza kazi iliyobaki. Hivyo lilianguka.

Ila angalia kilichoanguka na kisichoanguka. Kuiangusha spani, yaani kile kipande cha katikati, si kazi kubwa kwa anayejua. Nguzo za kingoni zilizozikwa ardhini ni shughuli nyingine kabisa. Barabara inayofika mtoni nayo ipo palepale. Jeshi lenye kikosi cha wahandisi likifika hapo linaona pengo la kuziba, na mapengo yana dawa yake.

Dawa yenyewe ni hilo Bailey lako. Lilibuniwa na Mwingereza, Donald Bailey, wakati wa vita vya pili vya dunia, na hadi leo mafuriko yakibeba daraja letu ndilo la kwanza kuletwa. Siri yake iko kwenye paneli: fremu ya chuma yenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 260 hivi. Watu sita wanaibeba. Haihitaji kreni. Paneli zinaungwa kwa pini nene, unaanza na safu moja, mzigo ukizidi unaongeza ya pili na ya tatu kwa ubavu, au unapandisha ghorofa.

Nimeliona likivushwa mto mara moja tu kwa karibu, nikiwa kijana kazini, na sijasahau. Linaungwa lote nchi kavu juu ya rola, mbele linawekewa pua nyepesi isiyo na sakafu, kisha askari wanalisukuma kwa mabega. Sajenti anahesabu, wao wanasukuma, pua inasogea juu ya maji inanesanesa kama fimbo ya mvuvi. Sehemu iliyo nyuma ya rola lazima iwe nzito kuliko iliyo mbele, vinginevyo daraja zima linapiga mbizi. Siku ile pini moja ilimponyoka mtu ikadondokea mtoni. Ya akiba ilikuwa kwenye lori lililobaki nyuma, na kazi ikasimama nusu saa nzima, watu wamekaa kwenye majani wanavuta sigara. Pua ilipogusa ng'ambo hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wamechoka.

Kyaka ndivyo ilivyokuwa. Kabla Novemba 1978 haijaisha JWTZ walikuwa wameweka daraja la muda na kuvuka, chini ya mvua za vuli, na Amin alikuwa ameshatangaza kwamba anaondoka. Baruti za yule fundi zilimnunulia mkubwa wake wiki tatu hivi. Wiki ambazo Tanzania nayo ilizihitaji, maana askari na silaha vilikuwa vinatoka kusini ya nchi kwa treni, malori na hata mabasi.

Hapo ndipo hoja yako ya mjadala inapoanzia, lakini usiishie Kyaka. Nenda Lukaya.

Baada ya kuteka Mutukula pale mpakani, Januari 1979, na mji wa Masaka, Februari 24, njia ya kwenda Kampala ilipita Lukaya. Pale barabara inapanda juu ya tuta linalokatiza kinamasi cha mafunjo, kilomita zaidi ya 20. Mimi ningekuwa mhandisi wa Amin nisingepoteza hata kipande cha baruti pale Kyaka. Ningeihifadhi yote kwa ajili ya tuta hili. Tuta la kwenye kinamasi halina nguzo ya kuegemea ukitaka kuliziba. Chini kuna matope na mizizi iliyooza, unamwaga moramu, yaani kokoto za udongo za kujengea barabara, inamezwa, unamwaga tena inamezwa. Likikatwa sehemu tatu nne, kwenye makalvati hasa, yaani njia za maji zinazopita chini ya barabara, maji yanapita yanazidi kula kingo, na Bailey lako halina mahali pa kukanyaga. Makamanda wa JWTZ walilijua hilo, na hofu yao ilikuwa kwamba tuta likiharibiwa safari ya Kampala itachelewa kwa miezi.

Halikuvunjwa. Machi 10 askari wa Libya, waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin, wakawapiga wetu kwa maroketi. Brigedi ya 201, iliyojaa vijana wageni wa vita, ikatawanyika na kuingia kinamasini. Walibya wakaushika mji wa Lukaya, wakatulia pale. Brigedi ya 208 ikazunguka kwa upande wa kaskazini-magharibi hadi ikatokea nyuma yao kwenye barabara ya Kampala, 201 ikakusanywa upya, wakabanwa pande mbili. Wengi husema hilo ndilo pigano lililoamua vita, nami nakubaliana nao. Lakini linatajwa kwa maroketi na idadi ya maiti, na tuta lenyewe halitajwi. Aliyekuwa na nafasi ya kulikata aliliacha zima, na vifaru vikapita juu yake.

Kwa hiyo mwambie mwenzako: swali la kwanza ni muda wa kutengeneza, la pili ni nani mwenye mafundi. Wingi wa kilichovunjwa unakuja baadaye sana. Daraja lilivunjwa, vita havikusimama. Tuta halikuvunjwa, na Kampala ikachukuliwa Aprili 11. Hata siku hiyo Nyerere alitaka barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi, Walibya wapate pa kutokea badala ya kupigania kila nyumba. Aprili 22 JWTZ wakaingia Jinja na kulikuta bwawa la Owen Falls likiwa zima, na bwawa hilo ndilo lililokuwa linaiwashia Uganda taa tangu 1954.

Usiende darasani na picha ya malaika, lakini. Masaka ilipigwa mizinga, na baada ya kutekwa majengo yaliyobaki yakalipuliwa, kisasi cha Kagera. Mbarara nayo hivyohivyo. Kitaalamu ilikuwa hasara tupu. Haikufupisha vita hata kwa siku moja, na waliolala nje ni watu wa Masaka, ambao Amin mwenyewe alikuwa amewatesa miaka minane. Mimi ni Mtanzania na hilo sioni namna ya kulipamba.

Sasa, kama miundombinu iliyovunjwa haikumwangusha Amin, kilimwangusha nini? Kaka zako wa sayansi ya siasa watakujibu vizuri zaidi, mimi nitasema ninachokiona kwa jicho la fundi. Miundombinu ya Uganda iliharibika kabla ya bomu la kwanza, na aliyeiharibu ni serikali yenyewe. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Viwanda vya sukari, gereji, maduka ya vipuri vikagawiwa watu wasiojua kuviendesha. Mashine haihitaji kulipuliwa ili ife, inahitaji tu kukosa beringi na mtu wa kuitia grisi. Kilembe hiyohiyo ilikuwa inazidi kudidimia kwa uzalishaji. Mafuta yalipitia Kenya, na mwaka 1976, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe na uhusiano na Nairobi kuchafuka, Kenya ilipobana tu, Uganda nzima ikakauka. Kahawa ndiyo iliyokuwa inaleta karibu fedha zote za kigeni, na Oktoba 1978 Marekani ikaacha kuinunua. Jeshi lenyewe la Amin lilikuwa linagombana ndani kwa ndani mwezi huohuo alipovuka kuja kwetu. Nyumba ilishaliwa na mchwa, JWTZ waliusukuma mlango.

Na baada ya mlango kusukumwa ndipo kosa la mwenzako linapoonekana zaidi. Machi 1979, kabla Kampala haijaanguka, makundi ya Waganda walioko uhamishoni yaliitwa Moshi yaunde chombo kimoja, wakaunda UNLF, umoja wa makundi hayo, na kumweka Yusuf Lule awe rais. Alikaa siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, naye Mei 1980 akaondolewa na wanajeshi. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, matokeo yakapingwa, Februari 1981 Museveni akaingia msituni, na Luwero, eneo la kaskazini ya Kampala, ikalipia kwa damu hadi Januari 1986. Kumbuka bwawa lilikuwa zima wakati wote huo. Barabara kuu ya Kampala ilikuwepo, tuta la Lukaya lilikuwepo. Hakuna kati ya wale waliofuatana Ikulu aliyeangushwa kwa kukosa umeme. Walikosa jeshi linalotii katiba, na bunduki zilikuwa mikononi mwa kila kundi lililofika Moshi na zake. Hicho hakijengwi kwa saruji. Sisi tulikaa pale hadi 1981 na vita vilituachia deni, makadirio yanayotajwa sana ni dola milioni 500, ambalo wazazi wako walililipa kwenye foleni za sukari na sabuni.

Tumalizie hesabu yako. Usigawe tani 36 kwa paneli 8. Paneli za daraja haziko kwenye mizani, zimeungwa ncha kwa ncha, kwa hiyo hazigawani mzigo kama wachukuzi wanne wa jeneza. Kila paneli inabebeshwa kadiri ya mahali ilipo. Kifaru kikiwa katikati, kupinda ndipo kunakuwa kukubwa kuliko kwingine kote. Ukikichukulia kama mzigo wa nukta moja: 36 mara 24, gawa kwa 4, unapata tani-mita 216. Lakini kifaru kina minyororo inayokanyaga karibu mita 4, kwa hiyo ondoa nusu ya urefu huo kwenye spani: 9 mara 22, tani-mita 198. Hizo zinagawanywa kwa safu za pande mbili, kushoto na kulia. Juu yake ongeza uzito wa daraja lenyewe, kisha nyongeza ya mtikisiko. Ukifika hapo utaona mwenyewe kwamba safu moja ya paneli kila upande haitoshi. Utaona pia kwa nini vifaru huvushwa kimoja kimoja, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na dereva akikatazwa kabisa kukanyaga breki akiwa katikati.