Kabla hujasifu matofali, uliza ardhi ni ya nani

Nimekaa kwenye kamati za nyumba kwa muda mrefu. Kwanza nilikaa upande wa wapangaji, nikiwa mjumbe wa chama cha ushirika wa nyumba. Baadaye nikahamia upande wa pili wa meza, nikisaidia mamlaka za miji kuchambua mapendekezo ya miradi ya nyumba za bei nafuu. Kote huko jambo moja limekuwa likijirudia. Akija mtu na mashine ya kuchapisha kuta, au na matofali ya kufungamana yasiyohitaji saruji katikati, ukumbi unajaa na simu zinainuliwa kupiga picha. Akija mwanasheria na rasimu ya mkataba wa kupangisha ardhi kwa miaka 99, watu wanaanza kutazama saa. Mimi nasema mwanasheria ndiye aliyestahili kupigwa picha.

Tuanze na hesabu. Chukua nyumba ya kawaida ya mjini uigawe gharama yake: kiwanja, barabara na mabomba ya kukifikia, vibali, msingi, kuta, paa, umaliziaji, faida ya mkandarasi, na riba ya fedha zilizokopwa kulipia hayo yote. Tuseme msingi na boma vinakula theluthi ya gharama. Ukipata teknolojia ya kupunguza theluthi hiyo kwa asilimia 20, bei ya nyumba nzima inashuka kwa chini ya asilimia 7. Si haba. Sasa geukia mkopo. Mkopo wa miaka 25 wenye riba ya asilimia 12, ukifanikiwa kuushusha hadi asilimia 6, rejesho la kila mwezi linapungua kwa karibu asilimia 39, na hujagusa tofali hata moja. Niliwahi kuandika hesabu hii ubaoni mbele ya madiwani. Swali la kwanza nililoulizwa ni kama zile kuta za mashine zinatoka na rangi yake au zinapakwa baadaye.

Viwanda vya nyumba navyo vina ugonjwa wao. Katerra ya Marekani ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1 kwa ahadi ya kugeuza sekta nzima ya ujenzi, ikafilisika Juni 2021. Ilke Homes ya Uingereza, iliyotengeneza nyumba kiwandani na kuzisafirisha zikiwa karibu kukamilika, ilianguka 2023. Kiwanda kinataka oda zisizokatika mwezi hadi mwezi, wakati mamlaka ya mji inaagiza bajeti inaporuhusu, na uchaguzi ukikaribia haiagizi kabisa. Kwa hiyo kama uko upande wa mamlaka, usisaini mkataba wa mfumo mpya wa ujenzi kabla ya kujua paneli iliyopasuka itabadilishwa na nani siku kiwanda kitakapokuwa hakipo. Fundi wa mtaani akiweza kuitengeneza, endelea. Kama mpaka aitwe mtu mmoja kutoka mbali, nenda polepole.

Sibezi ujenzi mzuri. Halmashauri ya Norwich, Uingereza, ilijenga nyumba takribani 100 katika mtaa wa Goldsmith Street kwa kiwango cha Passivhaus, yaani nyumba inayohifadhi joto kiasi kwamba haihitaji nishati nyingi kupashwa moto. Mwaka 2019 zilitwaa tuzo ya Stirling, inayotolewa kwa usanifu bora wa majengo nchini humo. Kilichonivutia mimi si tuzo. Mpangaji wa pale analipa bili ndogo mwezi baada ya mwezi. Huo ndio ubunifu wa ujenzi ninaoupigia debe: ule unaopunguza gharama ya kuishi ndani ya nyumba, kwa sababu gharama ya kujenga hulipwa mara moja na ya kuishi haina mwisho.

Lakini nyumba huwa nafuu, na huendelea kuwa nafuu, kutegemea nani anashika ardhi na kwa masharti gani. Watu wanaosoma habari za Vienna, mji mkuu wa Austria, huishia kwenye picha za majengo makubwa ya manispaa. Ni kweli mji ule ulianzisha kodi maalumu ya kugharamia ujenzi wa nyumba mwaka 1923, ukajenga zaidi ya nyumba 60,000 kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1934, na leo unamiliki takribani 220,000. Mimi huwaelekeza watu mahali pengine. Mwaka 1984 Vienna iliunda mfuko wa ardhi ambao kazi yake ni kununua maeneo mapema na kuyashika mpaka wakati wake ufike. Tangu 1995, kampuni zinazotaka kujenga nyumba za ruzuku kwenye viwanja vikubwa hushindanishwa. Anayeshinda si aliyetoa bei ya juu ya kiwanja. Majaji huangalia gharama ya mradi, ubora wa ramani, mazingira na, kwa miaka ya karibuni, jinsi wakazi watakavyoishi pamoja. Mwaka 2018 mji uliongeza kanuni: eneo kubwa likibadilishwa matumizi kuwa la makazi, theluthi mbili zitengwe kwa nyumba za ruzuku. Dalali aliyenunua shamba akisubiri mji umfuate anakuta bei aliyoiota haipo tena.

Tübingen, mji mdogo wa Ujerumani, ulifanya jambo linalofanana na hilo kwenye kambi iliyoachwa na jeshi la Ufaransa: ulichukua ardhi, ukaipima vipande vidogo, ukaviuza kwa bei iliyopangwa kwa vikundi vya watu waliotaka kujijengea. Mwenye wazo bora alipata kiwanja.

Utaniambia mji wako hauna hazina ya Vienna. Basi soma habari za Burlington, jimbo la Vermont, Marekani. Mwaka 1984, Bernie Sanders akiwa meya, mji huo mdogo ulitoa dola 200,000 kuanzisha amana ya ardhi ya jamii. Utaratibu wake ni huu. Amana inamiliki ardhi na haiiuzi kamwe. Familia inanunua nyumba iliyo juu ya ardhi hiyo, kwa bei ya chini kwa kuwa haikulipia kiwanja na imepewa ruzuku. Inasaini mkataba mrefu wa kuitumia ardhi, na mkataba huo unarithiwa. Siku ikitaka kuhama, inarudishiwa ilicholipa pamoja na robo ya ongezeko la thamani. Robo tatu zinabaki ndani ya nyumba, ili familia inayofuata nayo inunue kwa bei inayoimudu.

Kwenye mikutano nimesikia pingamizi hili mara nyingi kuliko mengine yote: kwa nini maskini azuiwe kuuza kwa bei ya soko wakati tajiri anauza apendavyo? Ni swali la haki na halifai kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba hakununua kwa bei ya soko, na tofauti aliyopunguziwa ilitolewa na umma. Akiuza kwa bei kamili, ruzuku ya umma inaondoka naye, na mamlaka inaanza upya kutafuta fedha za kumsaidia jirani yake. Ila siwadanganyi watu. Anayetafuta kutajirika kwa nyumba, mfumo huu haumfai na aambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa, kabla hajatoa malipo ya awali. Nilishuhudia mradi ambao sharti hilo lilifichwa kwenye ukurasa wa nyuma wa mkataba. Wanunuzi walipoligundua, chuki ilikuwa kubwa kiasi kwamba wazo lenyewe likazikwa katika eneo lile, ingawa hesabu zake zilikuwa safi.

Amana ya ardhi ina faida nyingine ambayo watu wa ofisini huchelewa kuiona: inawalinda wakazi dhidi ya maendeleo yao wenyewe. Huko San Juan, Puerto Rico, jamii zinazoishi kando ya mfereji wa Martín Peña zilijua kwamba siku mfereji utakaposafishwa, ardhi yao ingepanda bei na wao wangesukumwa nje. Wakadai ardhi iwekwe kwenye amana kwanza, na sheria ya mwaka 2004 ikawapa chombo hicho. Nakushauri uufuate mpangilio huo. Barabara ya lami, bomba la maji taka na taa za mtaani zikitangulia, na haki ya ardhi ikafuata baadaye, umewaandalia mtaa mzuri watu wengine.

Halafu kuna suala la muda. Wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland, pia Marekani, ni miongoni mwa waliotangulia kuwalazimisha wajenzi kutenga sehemu ya nyumba zao kwa watu wa kipato cha kati na cha chini. Sheria yao ni ya mwaka 1974. Wajenzi walitii na nyumba zikapatikana kwa maelfu. Lakini mwanzoni bei ilidhibitiwa kwa miaka michache tu, na muda ulipokwisha nyumba hizo zikarudi sokoni moja baada ya nyingine. Mwaka 2005 muda ukarefushwa kuwa miaka 30 kwa nyumba za kuuzwa na 99 kwa za kupangisha. Ukipewa mradi uupime, tafuta kifungu cha muda kabla ya kutazama mchoro. Mamlaka nyingi hupenda kipindi kifupi kwa sababu ni rahisi kukubaliana na mjenzi, na atakayekuwepo kikiisha ni diwani mwingine.

Montgomery hao hao mwaka 2021 walianzisha kitu ambacho ningependa kukiona kikiigwa zaidi. Badala ya kutoa fedha za umma kama ruzuku inayoliwa na mradi mmoja, walianzisha mfuko wa kuzunguka, ambao umekua hadi dola milioni 100. Wakala wa nyumba wa wilaya anautumia kugharamia kipindi cha ujenzi, ambapo fedha za wawekezaji binafsi huwa ghali kuliko wakati wowote. Jengo likikamilika na wapangaji wakiingia, linapata mkopo wa kawaida wa muda mrefu, fedha za mfuko zinarudi, na mradi mwingine unaanza. Wakala anabaki mmiliki mkuu. Jengo lao la kwanza kwa njia hiyo lina nyumba 268, baadhi kwa pango la soko na baadhi kwa pango la chini. Kinachofanya kazi hapo ni zile hesabu za riba nilizoziandika ubaoni, na hazikuhitaji mashine yoyote.

Njia ya nusu nyumba nayo inatajwa sana, hasa tangu msanifu majengo wa Chile, Alejandro Aravena, apewe Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo, mwaka 2016. Huko Iquique, Chile, mwaka 2004, kundi lake lilikuwa na ruzuku ya dola 7,500 kwa kila familia, kulipia ardhi, miundombinu na ujenzi. Wakajenga ile nusu ambayo familia isingeweza kuijenga vizuri peke yake, yaani muundo, jiko, bafu na ngazi, nyingine wakaiachia wakazi. Kitu muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba walikataa kuwahamishia watu pembezoni mwa mji kwenye ardhi ya bei poa. Wazo la kumalizia mwenyewe si geni. Miradi ya viwanja vyenye huduma ilifanywa sehemu nyingi miaka ya 1970, Dandora ya Nairobi ikiwa mmojawapo, wenye viwanja takribani 6,000. Ninachowaambia wanaotaka kuirudia: wekeni fundi wa mamlaka anayepita nyumba kwa nyumba kwa miaka kadhaa, na mikopo midogo ya vifaa. Familia ikiachwa na ukuta ulio wazi na hakuna wa kumuuliza, hujenga kitu cha hatari.

Kuhusu pembezoni sina maneno mengi. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2010 ilikuta nyumba takribani milioni 5 zikiwa tupu, baadhi zikiwa mpya, kwenye mitaa iliyojengwa mbali na kazi na shule. Nauli ihesabiwe kama sehemu ya pango.

Kama wewe hauko ofisini bali ni mkazi unayetaka kuanzisha jambo, anza na kuweka akiba kwa kikundi, hata iwe ndogo kiasi cha kuchekesha. Programu ya Baan Mankong ya Thailand, ya kuboresha makazi duni, iliyoanza 2003, haikopeshi mtu mmoja mmoja. Inakopesha kikundi kilichosajiliwa chenye akiba yake, na kikundi ndicho kinachozungumza na mwenye ardhi kuhusu kununua au kupanga kwa muda mrefu. Mwenzako akiugua na kushindwa rejesho, kikundi kinambeba miezi kadhaa. Benki haina subira hiyo. Na mkiingia ofisi ya mamlaka mkiwa na daftari la akiba na ramani ya mtaa mliyoichora wenyewe, mtapokelewa tofauti na mtu aliyekuja na malalamiko matupu.

Mkishapata nyumba, msiahirishe mjadala wa matengenezo. Katika ushirika wetu tuliamua sehemu ya kila pango iingie kwenye akaunti ya ukarabati kabla ya matumizi mengine yoyote, na isitoke bila sahihi tatu, mojawapo ya mjumbe asiye kiongozi. Kikao kilichopitisha hilo kilikuwa kirefu na wapo waliotoka kwa hasira, wakisema tunapandisha pango kwa jina lingine. Kiwango tulikiweka chini ili kipite, na tukaandika kwamba kitapitiwa upya kila mwaka kufuatana na makadirio ya fundi, si kufuatana na hisia za kikao. Nakala ya makadirio hayo hubandikwa mlangoni, pale pale penye orodha ya wanaosubiri nyumba, ili kila anayepita ajue anadaiwa nini na nani yuko mbele yake kwenye foleni.