Chumba cha wageni shambani: matofali gani, paa gani?

Dada, umeuliza kama chumba cha wageni shambani kwenu, karibu na Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ukijenge kwa matofali ya kuchoma au kwa miti na udongo, na kama paa la nyasi linafaa.

Mimi ningechagua matofali ya udongo na saruji kidogo, yale yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna miti inayokatwa kwa ajili ya tanuri. Yafunike na kuyamwagilia maji kwa wiki moja au zaidi, ukiharakisha, yatamomonyoka.

Lakini ninalokuomba sana usilipuuze ni tetemeko. Mko kwenye Bonde la Ufa, chini ya milima ya Rwenzori, na lile la Toro, eneo lenu hilo, la mwaka 1966 liliua watu zaidi ya 100. Fundi atakuambia linta fupi, yaani boriti za juu ya mlango na dirisha tu, zinatosha. Usikubali! Mkanda wa zege wenye nondo uzunguke kuta zote bila kukatika, na pembe zifungwe vizuri. Hapo usibane pesa, hata kama itabidi sakafu ingoje.

Paa liwe jepesi: mabati ya geji 28 (kipimo cha unene wa bati), na dari ya matete kupunguza kelele za mvua. Nyasi zinapendeza, ila zinashika moto upesi.

Mbao zisiguse udongo, mchwa wa huko hawana huruma. Choo kiwe chini ya mteremko, mbali na kisima. Ukianza msingi Desemba, paa linaweza kuwa juu kabla ya mvua za Machi.