Jibu: Shindano la IOTA ukiwa garini, Paje

Mkuu, umeuliza kama antena ya kwenye bampa na betri ya gari vitatosha ukiwa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa shindano la IOTA (Islands on the Air, shindano la redio za ridhaa la kuwasiliana na visiwa) wikendi ya mwisho ya Julai. Betri, hapana. Redio ya wati 100 inavuta amperi kama 20 ukirusha, na shindano ni saa 24, kuanzia saa 9 alasiri Jumamosi kwa saa zetu. Jumapili gari halitawaka. Beba betri ya pembeni, na usiwashe injini ukiwa unasikiliza. Altaneta ina kelele zinazomeza stesheni dhaifu.

Hiyo ya bampa nayo iache. Funga fimbo ya kuvulia ya faiba kwenye keria (ya kaboni hapana, inapitisha umeme), upandishe waya wa mita 5 hivi uwe antena ya megahezi 14, na chini yake nyaya mbili za urefu huohuo, zisiguse mchanga. Maji ya chumvi yakiwa karibu, mawimbi ya redio yanaondoka chinichini na kufika mbali. Tatizo la Paje ni kwamba maji yakipwa, hasa wakati wa bamvu, yanakimbia mbali mno, unabaki unatazama mashamba ya mwani. Na Julai kusi inapiga hukohuko. Mimi ningeegesha Nungwi, kaskazini, juu ya alama ya maji kujaa.

Kila unayempata mpe ripoti ya unavyomsikia, namba ya mfululizo na AF-032, namba ya kisiwa kwenye orodha ya IOTA, ndiyo Unguja hiyo. Ulaya watakupangia foleni. Kibali cha TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kishughulikie mapema, si wiki ya shindano.